Kugombea Bunge la Jimbo la Minnesota 2026: shemeji ni raia mpya, anagawa barua posta, na ndiyo kwanza anahama. Anaruhusiwa?

Kipepeo wa Saint Paul

Wakuu, habari za baridi. Wakubwa shikamooni.

Naomba majibu ya mwenye kuijua sheria. Ya kukisia tunayo ya kutosha kwenye kikundi chetu cha WhatsApp.

Shemeji yangu, mume wa dada, anataka kugombea Baraza la Wawakilishi la Jimbo la Minnesota uchaguzi wa Novemba 2026, upande wa Brooklyn Park. Ana miaka 34. Yuko Minnesota tangu 2019, ameapa uraia wa Marekani Oktoba 2025, na pasipoti ya Kenya bado anayo. Anagawa barua, ni mwajiriwa wa Posta ya Marekani. Kwa sasa anaishi Saint Paul na dada na watoto wawili. Mpango ni yeye atangulie kupanga Brooklyn Park masika, familia imfuate Juni shule zikifungwa.

Kwenye kikundi, mmoja anasema lazima uwe mzaliwa wa Marekani. Mwingine anasema miaka 7 ya uraia. Wa tatu anasema makazi ni siku 30 tu, kwa hiyo ana muda mpaka Septemba. Kuna aliyeuliza digrii. Tushike lipi?

Bi Katiba

Kipepeo, hao wawili wa kwanza wamechanganya mabunge. Sharti la kuzaliwa raia ni la Rais na Makamu wake basi. Miaka 7 ya uraia ni ya Baraza la Wawakilishi la Congress kule Washington, na Seneti ya huko ni 9. Bunge la jimbo ni chombo kingine, na kila jimbo limejiandikia masharti yake katika katiba yake.

Ya Minnesota yako Ibara ya 4, kifungu cha 6. Mgombea awe mpiga kura halali wa jimbo, awe ameishi Minnesota mwaka 1, na awe ameishi ndani ya eneobunge analoligombea miezi 6 mfululizo kabla ya siku ya uchaguzi. Umri unatoka Ibara ya 7: miaka 21. Na huo unahesabiwa siku ya kushika wadhifa, si siku ya kuchukua fomu, kwa hiyo hata kijana anayefikisha 21 Desemba 2026 anaweza kugombea sasa hivi.

"Mpiga kura halali" ndipo uraia unapoingia. Katiba inataja uraia wa miezi 3. Aliyeapa Oktoba 2025 atakuwa amepita hapo kwa mbali ikifika Novemba. Hakuna miaka ya kusubiri baada ya kiapo. Ilhan Omar alizaliwa Somalia, akaishi miaka kadhaa kambini Kenya, akaingia bunge hilihili kwa uchaguzi wa 2016. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa 2024 katika eneobunge la 38A, hapohapo Brooklyn Park. Kwa hiyo hilo la kuzaliwa lifungeni.

Digrii haihitajiki, wala cheti chochote. Uanachama wa chama hauhitajiki pia. Waliozoea Tanzania hapa hushtuka, kwa sababu kule katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama, na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Minnesota haina mambo hayo.

Pasipoti ya Kenya haimzuii huku. Kizuizi cha uraia pacha kiko upande wa pili: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 78, ndiyo inayomkataza mwenye uraia wa nchi mbili kushika wadhifa wa kitaifa kule nyumbani.

Angalizo dogo la maneno kabla hatujachanganyikana: kwetu "jimbo" ni sehemu anayowakilisha mbunge. Hapa nikisema jimbo ni Minnesota nzima. Sehemu ya mbunge naiita eneobunge.

Msemakweli77

Bi Katiba nakuheshimu, lakini siku 30 sikuziota. Ziko kwenye hati ya kiapo yenyewe ya mgombea, nenda kasome. "Awe amekaa katika eneo siku 30 kabla ya uchaguzi mkuu."

Bi Katiba

Ziko, mkuu, wala sikatai. Hati ile ni moja kwa nyadhifa nyingi, na siku 30 ni kanuni ya jumla ya Ibara ya 7, yenye maneno "isipokuwa pale katiba hii inapoelekeza vingine". Kwa ubunge katiba imeelekeza vingine: mwaka 1 na miezi 6. Ukishuka chini kwenye hati hiyohiyo utakuta mstari wa wagombea ubunge wa jimbo ambao unamwapisha kwa miezi 6. Watu husoma mstari wa kwanza, wanasaini wote.

Karani wa Kaunta

Bi Katiba kamaliza sheria. Mimi niongeze kalenda, kwa sababu ndiyo inayowaangusha watu.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne tarehe 3 Novemba 2026. Rudi nyuma miezi 6: tarehe 3 Mei. Mchujo ni tarehe 11 Agosti. Dirisha la kuchukua na kurudisha fomu linafunguliwa siku 84 kabla ya mchujo na kufungwa siku 70 kabla, yaani tarehe 19 Mei hadi 2 Juni, saa 11 jioni. Sasa ziweke hizo tarehe pamoja. Siku ya mwisho ya kuwa umeshahamia imetangulia siku ya kwanza ya fomu kwa siku 16. Mtu anayeanza kufikiria anwani siku anapokwenda kuchukua fomu ameshachelewa, na hakuna wa kumwongezea siku. Karani atampokea na ada yake atailipa, kwa sababu karani hapeleki mtu kukagua chumba chako. Pingamizi litakuja baadaye.

Tena tarehe 3 Mei mwaka huu ni Jumapili. Mikataba mingi ya kupanga huanza tarehe 1. Ukisaini mkataba wa kuanzia 1 Mei una siku mbili tu za akiba. Mwenye nyumba akisema rangi haijakauka, funguo njoo Jumanne, umeshatoka nje ya katiba. Shemeji apange kuanzia 1 Aprili, au hata Machi.

La pili, ajue anaingia eneobunge lipi. Brooklyn Park ni mji mmoja lakini umekatwakatwa: sehemu iko 34B, sehemu 38A, sehemu 38B. Kila eneo la Seneti lina nusu mbili, A na B, ndiyo maana kuna maseneta 67 na wawakilishi 134. Angekuwa anagombea Seneti ya 38, kuishi A au B kungekuwa sawa. Kwa Baraza la Wawakilishi, kuvuka barabara moja kunaweza kukutoa. Kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo kuna ukurasa wa kutafuta kituo cha kura: andika anwani kamili na namba ya nyumba, si msimbo wa posta peke yake, itakuletea namba ya eneobunge. Afanye hivyo kabla ya kusaini mkataba.

La tatu ndilo zito, na ndilo ninaloliogopa katika mpango wenu. "Kuishi" kwa sheria ya Minnesota si kuwa na mkataba wa nyumba. Ni pale nyumbani kwako palipo, ambapo huna nia ya kuhama sasa, na ambapo ukisafiri unakusudia kurudi. Sheria hiyohiyo inasema makazi ya mtu ni pale familia yake inapoishi, isipokuwa kama familia iko pale kwa muda tu. Mtu mwenye familia sehemu moja na shughuli sehemu nyingine huhesabiwa kwenye familia, mpaka aonyeshe kwamba kweli amejenga makazi kwingine. Sasa mke na watoto wako Saint Paul mpaka Juni, yeye ana chumba Brooklyn Park. Mpinzani mwenye wakili mzuri hahitaji kitu kingine.

Kipepeo wa Saint Paul

Asante sana Karani. Umenitia baridi nyingine. Lakini mbona wanasiasa wangapi wanapanga tu chumba kwa jina na maisha yanaendelea? Kuna aliyewahi kuondolewa kweli?

Karani wa Kaunta

Wapo, na si zamani.

2016, Bob Barrett, mbunge aliyekuwa kitini katika eneobunge la 32B, alipingwa na mpiga kura kwamba nyumba aliyopanga ndani ya eneobunge haishi. Mahakama ya Juu ya Minnesota ikasema hana sifa, miezi miwili kabla ya uchaguzi. Muda wa kumweka mgombea mwingine ulikuwa umepita, kwa hiyo kura za Novemba za kiti kile hazikuwa na maana yoyote, na uchaguzi ukarudiwa 14 Februari 2017. Alipoteza kiti bila kushindwa kura.

2024 ndiyo iliyotikisa jimbo. Curtis Johnson alishinda 40B, upande wa Roseville, kwa tofauti ya asilimia 30 hivi. Alikuwa na mkataba wa nyumba Roseville. Nyumba ya familia ilikuwa Little Canada, nje ya eneobunge. Watu wa mpinzani walikuwa wakifuatilia gari lake linalala wapi. Tarehe 20 Desemba jaji wa Kaunti ya Ramsey akaamua kwamba hakuishi ndani ya eneobunge kwa miezi 6. Johnson hakukata rufaa, akakiacha kiti kabla ya kuapishwa. Baraza lililotoka sare ya 67 kwa 67 likawa 67 kwa 66, chama chake kikasusia vikao wiki tatu, na uchaguzi mdogo ukafanyika 11 Machi 2025. Yote hayo kwa sababu ya chumba kimoja.

Tazameni tofauti ya njia hizo mbili. Kabla ya uchaguzi, pingamizi linakwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu. Baada ya uchaguzi, jaji wa wilaya husikiliza ushahidi, lakini neno la mwisho ni la Baraza lenyewe, maana katiba inasema kila baraza ndilo mwamuzi wa sifa za wajumbe wake. Kwa hiyo kupita salama Novemba si kupona. Tena ukishinda kwa kura chache ndipo utakapochunguzwa zaidi, kwa kuwa kiti chako kinaweza kugeuza wingi wa bunge.

Mama Ratiba

Naomba nishike hapo kwa Karani niseme ushahidi unaonekanaje, maana watu hudhani ni barua moja yenye anwani.

Jaji anataka maisha, si karatasi. Karatasi kila mtu anazo. Leseni ya udereva ibadilishwe; Minnesota inakutaka ufanye hivyo ndani ya siku 30 za kuhama hata kama hugombei kitu. Usajili wa gari ufuate. Ajiandikishe upya kupiga kura kwa anwani mpya, na kama kutatokea kura yoyote ndogo Saint Paul katika miezi hiyo asithubutu kwenda kupiga kule: kupiga kura ni kuapa kwamba unaishi pale. Posta ahamishe barua zake (kwa hili shemeji hahitaji mwalimu). Benki, bima, mwajiri, daktari, vyote vibebe anwani moja.

Halafu yale ambayo mtu hafikirii. Bili ya umeme ya chumba kisicholaliwa huonekana kwa macho: mstari uko chini mwezi baada ya mwezi, wakati ya Saint Paul haikushuka hata kidogo. Intaneti haijawekwa. Manunuzi ya mtandaoni bado yanapelekwa nyumba ya zamani. Kwenye taarifa ya benki, maziwa na mafuta ya gari yananunuliwa kulekule alikosema amehama. Kama nyumba ya Saint Paul ni yao na ina nafuu ya kodi ya mwenye kuishi nyumbani kwake, hiyo ni saini yake mwenyewe inayosema "naishi hapa". Kama wamepanga, mkataba wa zamani wenye jina lake bado unaoendelea ni swali la kwanza atakaloulizwa.

Ushauri wangu: msigawanye familia. Kama wanaweza, wahame wote Aprili, na watoto wapelekwe kwa gari shule ileile hadi Juni. Ni adha ya wiki chache asubuhi. Kama haiwezekani, basi yeye ahame kwelikweli, kitanda, nguo za baridi, sufuria, na tarehe ya familia kumfuata iwe imeandikwa mahali: mkataba wa nyumba inayowatosha wote wanne kuanzia mwanzo, si chumba cha mtu mmoja, na taarifa kwa mwenye nyumba wa zamani kwamba wanatoka Juni. Chumba cha mtu mmoja kinasema peke yake kwamba familia haiji.

Jambo la usalama. Tangu mbunge Melissa Hortman auawe nyumbani kwake Brooklyn Park Juni 2025, wagombea wengi hawataki anwani zao zionekane. Mgombea anaruhusiwa kuomba anwani yake iwe ya siri. Karani atahakiki tu kwamba iko ndani ya eneobunge. Siri hiyo ni dhidi ya umma, mahakamani haimfichi.

Msemakweli77

Sawa, la siku 30 nimeshindwa, nakubali hadharani. Lakini wakuu wote mmeruka jiwe kubwa kuliko yote. Huyu bwana ni mfanyakazi wa POSTA.

Bi Katiba

Nilikuwa nalijia. Umewahi.

Hapa kuna kichekesho cha sheria. Katiba ya Minnesota, Ibara ya 4 kifungu cha 5, inamkataza mbunge kushika wadhifa mwingine wa serikali kuu au wa jimbo, isipokuwa mbili: mkuu wa posta na notari (ofisa anayethibitisha viapo na sahihi). Mtu akisoma hapo tu atasema posta ruksa. Lakini kuna sheria ya serikali kuu, Sheria ya Hatch ya 1939, na hiyo inamkataza mfanyakazi wa serikali kuu kugombea katika uchaguzi wa vyama. Wafanyakazi wa Posta ya Marekani wamo ndani yake. Bunge la Minnesota linachaguliwa kwa vyama, kwa hiyo amezuiwa.

Msitafute vichochoro, vimezibwa. "Nitagombea bila chama" haisaidii, kwa sababu kinachoangaliwa ni uchaguzi wenyewe: akiwemo mgombea mmoja mwenye chama, ni uchaguzi wa vyama kwa wote. "Nitaomba likizo bila malipo" haisaidii, bado ni mwajiriwa. Na asidhani ataacha kazi siku ya kurudisha fomu. Kuanza kuchangisha fedha au kutangaza nia tayari ni kugombea. Barua ya kuacha kazi itangulie harambee ya kwanza.

Hili linawagusa wengi wetu zaidi ya posta. Muuguzi katika hospitali ya maveterani ni mfanyakazi wa serikali kuu, hali ni hiyohiyo. Muuguzi wa hospitali binafsi au makao ya wazee ya binafsi yuko huru. Mfanyakazi wa kaunti au jimbo yuko huru kwa sheria hii, isipokuwa mshahara wake wote unalipwa na fedha za serikali kuu. Mwalimu wa shule ya umma kwa kawaida hana tatizo, na bungeni hapo walimu hawajawahi kukosekana.

Apige hesabu ya nyumbani pia kabla ya kuacha posta. Mshahara wa mbunge ni dola 51,750 kwa mwaka, na huo ni kama akishinda. Kati ya Aprili na Januari hakuna anayemlipa. Bunge lina mipaka ya siku 120 za vikao kwa miaka miwili, kwa hiyo wabunge wengi wana kazi nyingine pembeni. Ya posta ndiyo isiyowezekana kuwa nayo wakati wa kugombea.

Karani wa Kaunta

Fomu sasa, haraka haraka. Anajaza hati ya kiapo ya mgombea kwenye ofisi ya Katibu wa Jimbo au ofisi ya uchaguzi ya kaunti anayoishi, anaapa mbele ya ofisa au notari, ada dola 100. Asiye na dola 100 anaweza kuleta sahihi 500 badala yake, lakini kusema kweli sahihi 500 zina jasho kuliko dola 100. Anayegombea nje ya vyama vikubwa analeta sahihi za wapiga kura wa eneobunge hilo kwa vyovyote, na zinakusanywa ndani ya zile siku 15 za dirisha, si kabla. Zilizosainiwa Aprili hazihesabiwi. Leta za ziada nyingi. Wanaosaini bila kujua wanaishi eneobunge lipi ni wengi kuliko unavyodhani, hasa Brooklyn Park.

Nafasi moja kwa mtu mmoja: huwezi kuwasilisha hati mbili za nyadhifa mbili katika uchaguzi uleule. Jina litakalokuwa kwenye karatasi ya kura ni jina lake halisi au lile analojulikana nalo kwa kawaida mtaani, bila cheo. "Mchungaji" na "Daktari" vibaki kanisani na hospitalini.

Akibadili mawazo ana siku mbili baada ya dirisha kufungwa. Baada ya hapo jina linabaki.

Mama Ratiba

Na harambee, jamani. Hapa ndipo watu wetu wanapojiingiza matatani kwa nia njema.

Akishapata au kutumia zaidi ya dola 750, ana siku 14 kusajili kamati yake ya kampeni kwenye bodi ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni, awe na mweka hazina na akaunti ya benki iliyo tofauti na ya nyumbani. Baada ya kuwasilisha hati ya kiapo ana siku 14 nyingine za kutoa tamko la mali na maslahi yake.

Kupitisha kapu ukumbini, kila mtu anatupia noti, ni desturi yetu, ila hapa ni shida. Mchango wa asiyejulikana unaozidi dola 20 haruhusiwi kubaki nao, anaupeleka kwenye bodi. Mlangoni awekwe mtu na daftari: jina, anwani, kiasi. Aliyetoa zaidi ya dola 200 kwa jumla ataorodheshwa kwenye ripoti kwa jina na kazi yake.

Kampuni haichangii mgombea. Wenye kampuni za kuhudumia wazee na walemavu majumbani, hundi iandikwe kutoka akaunti yako binafsi. Ya LLC irudishwe hata kama kampuni ni ya mtu mmoja. Kanisa halichangii kabisa. Na ndugu walio Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam wasitume chochote, si M-Pesa, si benki, si kupitia kwa binamu aliye huku. Sheria ya serikali kuu inamkataza asiye raia wala mwenye grini kadi (kibali cha ukazi wa kudumu) kuchangia uchaguzi wowote wa Marekani, ukiwemo wa jimbo na hata wa mji. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuchangia. Kugombea haruhusiwi, na akisaini hati ya mgombea au ya mpiga kura inayosema yeye ni raia, hiyo peke yake inatosha kumfukuzisha nchini. Kila mwaka wa uchaguzi kuna mtu anashawishiwa na rafiki, "saini tu". Asisaini.

Jirani wa Lewiston

Kwa wanaosoma wakiwa majimbo mengine: msichukue hesabu za Minnesota mkazipeleka kwenu.

Sisi Maine, katiba inataka uraia wa miaka 5 siku muhula unapoanza, miaka 21 kwa wawakilishi na 25 kwa Seneti, mwaka 1 jimboni, na miezi 3 tu katika eneobunge. Shemeji wa Kipepeo angekuwa huku, kiapo chake cha Oktoba 2025 kingemruhusu kuingia Desemba 2030, kwa uchaguzi wa Novemba 2030. Wakongomani na Wasomali walioapa juzijuzi Portland na Lewiston wanaijua hesabu hii kwa vidole.

Texas: Baraza la Wawakilishi miaka 21, miaka 2 jimboni, mwaka 1 katika eneobunge, Seneti miaka 26 na miaka 5 jimboni. Ada ni dola 750 na 1,250, na fomu hufungwa Desemba ya mwaka kabla ya uchaguzi kwa sababu mchujo wao ni Machi. Mtu wa Dallas anayesubiri masika amelala. New Jersey Seneti inataka miaka 30. New Hampshire ina wawakilishi 400 wanaolipwa dola 100 kwa mwaka, kwa hiyo huko ukipata kura usiache kazi.

Swali langu kwa Bi Katiba: aliyewahi kufungwa?

Bi Katiba

Kwa Minnesota, tangu 1 Juni 2023 aliyehukumiwa kosa kubwa anapata haki ya kura mara anapotoka gerezani, hata kama bado yuko chini ya uangalizi wa mahakama. Kabla ya hapo alisubiri kifungo chote kiishe, pamoja na miaka ya nje. Kwa kuwa sifa ya mgombea imefungwa kwenye sifa ya mpiga kura, mlango huo ulifunguka kwa wote wawili. Anayezuiwa bado ni aliye ndani, na aliye chini ya mlezi wa kisheria ambaye jaji amemwondolea haki ya kura kwa amri ya wazi.

Kipepeo wa Saint Paul

Mungu awabariki. Nimemsomea dada yote haya kwa simu. Wamekubaliana kuhama wote Aprili, nyumba ya vyumba viwili, watoto watapelekwa shule na dada asubuhi. Kimebaki kimoja: shemeji anasema posta wanamdai notisi ya wiki mbili, na wiki ijayo kuna watu wamemwandalia chakula cha jioni "kumtambulisha". Hakuna kapu, ni chakula tu. Aende?

Bi Katiba

Kadi ya mwaliko inasemaje? Kama inamwita mgombea, au inasema 2026, chakula kisogezwe mbele mpaka siku ya mwisho ya notisi ipite. Wali hauharibiki kwa wiki mbili, uko dukani.